Mkaratusi wa Maua Mekundu: Namna ya Kuuotesha na Kuutunza

Ukitembea mitaa ya Perth, Albany au Melbourne kuanzia Desemba, utakutana na mti mfupi wenye gome gumu lililopasukapasuka, majani mazito ya kijani iliyokolea, na juu yake mashada ya maua mekundu yaliyofunika karibu kilele chote. Huo ni Corymbia ficifolia, mkaratusi wa maua mekundu. Ni mdogo kwa familia yake: kwa kawaida huishia kwenye mita 10, na mara nyingi hubaki chini ya hapo. Ndiyo maana unaingia kwenye uwanja wa nyumba ya kawaida, mahali ambapo mkaratusi mwingine ungekuwa hatari kwa paa na kuta.

Waswahili tunaoishi Australia tunautamani sana mti huu. Kwa ninavyoona, miche mingi inayokufa mikononi mwetu haifi kwa kutelekezwa. Inakufa kwa kulishwa samadi, kumwagiliwa kila jioni na kuwekwa kivulini, yaani kutunzwa kama mgomba. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: ujue kwao ni wapi, kisha uupe kilichopo kwao.

Kwao ni wapi

Porini mti huu una eneo dogo mno. Ni kipande cha pwani ya kusini mwa Australia Magharibi, kuzunguka Walpole na Nornalup, hadi upande wa Mount Frankland na Broke Inlet, katika nchi ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa huko. Karibu na Peaceful Bay ipo hata barabara inayoitwa Ficifolia Road. Nje ya hapo, karibu kila mti unaouona umepandwa na mtu.

Mvua ya huko inapita milimita 1,000 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa hunyesha majira ya baridi, na kiangazi ni kikavu. Udongo ni mchanga na changarawe, una asidi kidogo na rutuba haba. Jua ni la kutosha, na upepo wa bahari hauachi kuvuma. Weka mambo haya kichwani, maana kila hatua inayofuata inatokana nayo.

Jambo moja kuhusu jina, lisije likakupotosha unaponunua. Ferdinand von Mueller aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1860 akiuita Eucalyptus ficifolia, kutokana na sampuli zilizokusanywa na George Maxwell. Mwaka 1995 Ken Hill na Lawrie Johnson walitenga jenasi mpya ya Corymbia, wakaiweka humo mikaratusi inayotoa utomvu mwekundu kama damu inapojeruhiwa, na huu ukiwamo. Kwenye vitalu bado utaona lebo zenye jina la kale. Mti ni ule ule.

Hatua ya kwanza: amua kama unataka mche wa mbegu au wa kubebesha

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na ningependa usiupite haraka.

Mche uliooteshwa kwa mbegu ni wa bei nafuu, una mizizi yake mwenyewe, na shina lake chini huwa na kivimbe kinachoweza kuchipua upya mti ukikatwa au ukiungua. Lakini rangi ya maua yake huijui. Mbegu za mti mwekundu zinaweza kuleta wa waridi, wa rangi ya chungwa, hata mweupe wa maziwa. Na utangoja miaka kadhaa, mara nyingi zaidi ya mitano, ndipo uone ua la kwanza. Kama una nafasi na subira, mimi ningechagua huu. Hukua kwa umbo lake, na hauna pale pa kuungwa panapoweza kuleta shida baadaye.

Mche wa kubebesha una kikonyo cha mti uliokwisha kujulikana rangi na kimo, kilichounganishwa juu ya shina la mche mwingine. Huu utatoa maua ndani ya mwaka mmoja au miwili, wakati mwingine ukiwa bado kwenye chungu, na rangi utakayopata ni ile uliyolipia. Bei yake ni mara kadhaa ya mche wa mbegu. Vipandikizi vya matawi vilivyochomekwa tu udongoni ni vigumu sana kutoa mizizi kwa mti huu. Usipoteze muda huko.

Katika miche ya kubebesha, inayojulikana zaidi ni 'Summer Red' na 'Summer Beauty'. Hizi ni chotara. Mzazi mmoja ni mti wetu wa kusini, wa pili ni Corymbia ptychocarpa kutoka Kimberley na kaskazini mwa Northern Territory, ambako huota kando ya vijito katika joto lenye unyevu. Basi ukiishi Brisbane au kaskazini zaidi, chukua chotara. Ficifolia halisi katika hewa nzito ya kiangazi cha Queensland hushambuliwa na kuvu, majani yakapata madoa na vichwa vya matawi vikafa. Kwa Perth, Adelaide na Melbourne, ficifolia halisi ndiyo mahali pake. Na ukiwa Darwin au Cairns, usihangaike: panda Corymbia ptychocarpa yenyewe.

Unapochagua mche dukani, acha ule mrefu uliochanua. Chukua mfupi, wenye shina lililosimama bila kijiti, kwenye chungu ambacho mizizi haijaanza kuchungulia chini. Omba ruhusa uutoe chunguni uangalie: mizizi iliyojizungusha pande zote ni kasoro ambayo mikaratusi haiponi. Itaendelea kujizungusha ardhini, na mti utang'oka kwa upepo baada ya miaka mingi ya kazi yako. Kwa mche wa kubebesha, kagua pale pa kuungana pawe pamefunga vizuri, bila ufa na bila utomvu unaochuruzika.

Hatua ya pili: kupata mbegu na kuziotesha

Wanaonunua mche wa kubebesha waruke hadi hatua ya tatu.

Matunda ya mti huu ni magumu kama kuni, yenye umbo la mtungi, na urefu wa takriban sentimita 2 hadi 4. Hubaki mtini muda mrefu baada ya maua kwisha. Chuma yale yaliyokwisha kuwa ya kahawia na yasiyo na dalili ya ubichi kwenye kikonyo, uyaweke kwenye mfuko wa karatasi mahali pakavu penye joto. Baada ya siku kadhaa vilango vya ndani hufunguka. Tikisa na gonga, mbegu zitamwagika. Mfuko wa plastiki usitumie, huleta ukungu.

Angalia mbegu zenyewe. Za ficifolia ni za kahawia na zina ubawa mwembamba pembeni. Ukikuta mbegu nyeusi, nene, zisizo na ubawa, umechuma matunda ya marri, Corymbia calophylla, ndugu yake mkubwa anayeota eneo lile lile na kuwa mti mrefu wa msitu. Miti hii miwili huzaliana pia, na watoto wake huwa na maua ya waridi iliyofifia na kimo kikubwa kuliko unachotarajia. Kwa sababu hiyo chuma kutoka mti ambao hauna marri jirani.

Matunda ya mti wa rafiki bustanini ni halali yako akikuruhusu. Ya porini ni jambo jingine: katika Australia Magharibi kuchuma mimea au mbegu kwenye ardhi ya serikali kunahitaji leseni chini ya sheria ya bayoanuwai ya mwaka 2016. Hifadhi ya Walpole-Nornalup ni ya kutembelea na kupiga picha tu.

Kuotesha si kazi ngumu. Mbegu hazihitaji kulowekwa wala kuchemshwa. Changanya sehemu tatu za mchanga mnene uliooshwa na sehemu moja ya mboji laini au nyuzi za nazi, jaza kwenye trei, tawanya mbegu juu, kisha zifunike kwa mchanga mwembamba usiozidi milimita 3. Umwagiliaji ufanywe kwa chini: weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo mpaka udongo wa juu ulowe, halafu uitoe ichuruzike. Ukimwaga maji kwa juu utazifukua mbegu au utazizamisha. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 25 utaanza kuona miche ndani ya wiki mbili au tatu hivi.

Adui wa wakati huu ni kinyausi, kuvu inayokata miche usawa wa udongo ikaanguka usiku mmoja. Dawa yake ni hewa na jua la asubuhi, na kuacha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya umwagiliaji. Ukiweka trei ndani ya nyumba chini ya mfuniko, utaikaribisha.

Mche ukipata majani mawili ya kweli, uhamishe. Shika jani, usishike shina. Tumia viriba au vyungu virefu vyembamba, maana mzizi mkuu unashuka haraka na ukigonga chini unapinda. Majani ya mche mchanga huwa na vinywele na hayafanani na ya mti mkubwa. Hilo ni kawaida. Ukifika sentimita 15 hadi 25 uko tayari kwa ardhi. Wiki mbili kabla ya hapo utoe kivulini, uzoee jua taratibu.

Hatua ya tatu: chagua mahali

Jua la siku nzima. Kivulini mti hurefuka ukitafuta mwanga, huegemea, na hutoa maua haba.

Maji yasituame. Chimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Kama maji ya pili bado yapo kesho yake asubuhi, hapo pana ufinyanzi mzito. Inua tuta la sentimita 30 hadi 50, pana kiasi cha mita moja na nusu, upande juu yake.

Chokaa ndiyo watu wengi wanaisahau. Viunga vya Perth vilivyo karibu na bahari vina mchanga wenye chokaa, na mti huu unataka asidi kidogo. Kwenye chokaa majani mapya hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa sababu mti unashindwa kuchukua madini ya chuma. Pima udongo kwa kipimo cha bei nafuu cha dukani. Kama pH inapita 7.5, fikiria mti mwingine, au panda mche wa kubebesha mdogo kwenye chungu kikubwa.

Uwe mbali na ukuta mita 3 au 4 kwa miche mifupi ya kubebesha, na mita 5 au 6 kwa mti wa mbegu. Usiupande juu ya bomba la majitaka. Usiupande pia juu ya maegesho ya gari: ule utomvu mwekundu ukidondoka kwenye rangi ya gari au kwenye zege huacha doa sugu, na matunda yake ni mazito yakianguka. Ukitaka kuupanda ukingoni mwa barabara mbele ya nyumba, ulizia kwanza kwa halmashauri yenu. Na wanaokaa maeneo ya moto wa nyika waangalie masharti ya umbali kutoka nyumba, kwa kuwa mikaratusi yote ina mafuta yanayowaka.

Hatua ya nne: kupanda

Katika Perth na Albany panda Aprili au Mei, mvua za kwanza zinapofungua ardhi, ili mizizi ifanye kazi majira yote ya baridi kabla kiangazi hakijafika. Melbourne ni vilevile, ila sehemu zenye sakitu ngoja Septemba, kwa sababu mche mchanga huungua kwa baridi kali hata kama mti mkubwa unaistahimili.

Chimba shimo pana mara mbili ya chungu, lakini kina chake kiwe kile kile. Mwagia shimo maji kwanza. Mchanga wa Perth ukikauka sana hukataa maji, yakabaki yanateleza juu. Kama ndivyo ilivyo kwako, nunua dawa ya kuufanya mchanga upokee maji na uichanganye na udongo wa shimo. Samadi usitie, wala mbolea ya chumvichumvi. Najua mkono unawasha kwa sisi tuliokulia kwenye mashamba ya kahawa na migomba, ila mti huu umezoea udongo maskini, na mbolea nyingi, hasa yenye fosforasi, huudhuru.

Toa mche, legeza mizizi ya nje kwa vidole, kata iliyojizungusha. Weka usawa wa udongo wa chunguni na ule wa ardhi uwe mmoja. Kwa mche wa kubebesha, pale pa kuungana pabaki juu wazi kabisa. Rudisha udongo ule ule, shindilia kwa mkono, mwagia ndoo nzima taratibu. Tandaza vipande vya mbao au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 7, ukiacha kiganja kimoja cha nafasi kuzunguka shina.

Kijiti cha kuegemeza usiweke isipokuwa upepo ni mkali mno. Shina linalotikiswa hunenepa. Ikibidi, weka vijiti viwili kando, ufunge kwa kitambaa kilicholegea, uviondoe baada ya mwaka.

Kabla hujatoka kwenda msituni au kurudi kutoka huko, safisha viatu na jembe. Kusini-magharibi mwa Australia kuna ugonjwa wa mizizi, Phytophthora cinnamomi, unaosafiri na tope, na umeshaua mimea mingi ya porini. Vituo vya kuoshea viatu unavyoviona mwanzo wa njia za kutembea vimewekwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya tano: maji na chakula

Viangazi viwili vya mwanzo ndivyo vinavyohitaji kazi yako. Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, maji mengi kwa mkupuo, ili yashuke chini na mizizi iyafuate. Kikombe cha kila jioni hufundisha mizizi kukaa juu, na siku utakayosafiri mti unakauka. Kwa walio Perth, kumbuka vinyunyizio vya bustani hufungwa kuanzia Juni 1 hadi Agosti 31; wakati huo mvua inatosha, na ukihitaji bado unaruhusiwa kutumia mpira wa mkononi. Baada ya kiangazi cha pili mti wa ardhini unajitegemea, isipokuwa joto likipita kiasi kwa siku nyingi.

Chakula ni kiganja kimoja cha mbolea ya punjepunje inayoyeyuka polepole, ile iliyoandikwa kuwa ni ya mimea ya asili ya Australia, mara moja kwa mwaka baada ya maua. Wa chunguni upate mara mbili.

Hatua ya sita: kupogoa

Maua ya mti huu hukaa ncha za matawi, juu ya majani, na ndiyo sababu yanaonekana kutoka mbali. Lakini matunda nayo hukaa pale pale, na tawi changa likibeba mashada ya matunda mazito hupinda au kuvunjika. Kwa hiyo maua yakinyauka tu, kata shada lote pamoja na kipande kifupi cha tawi nyuma yake. Mti utachipua matawi mengi, na kila tawi litakuwa na shada lake mwakani. Fanya hivyo miaka minne au mitano ya kwanza. Ukiwa mkubwa, uachie. Kama hutaki mbegu, ndege watazitaka.

Kwa mche wa kubebesha kagua chini ya pale pa kuungana kila baada ya miezi michache. Chipukizi lolote linalotoka huko ni la shina la chini. Ling'oe kwa mkono likiwa bado bichi. Ukiliacha litaupita mti wako kwa kasi, na miaka mitatu baadaye utakuwa na mkaratusi usioujua.

Hatua ya saba: magonjwa ya kuangalia

Kidonda cha shina. Katika Australia Magharibi kuna kuvu iitwayo Quambalaria coyrecup inayoshambulia marri na ficifolia. Gome hupasuka, utomvu mwekundu huchuruzika, na kidonda huzidi kupanuka mwaka hadi mwaka. Tawi likipata, lipogoe hadi kwenye mti mzima na uoshe msumeno kwa spiriti kabla ya kukata kwingine. Likifika shina kuu huna dawa ya uhakika. Mpe mti maji ya kutosha kiangazi, usiujeruhi kwa mashine ya nyasi, na uangalie. Utomvu kidogo peke yake usikutie hofu. Ndivyo mti unavyojifunga jeraha.

Kutu ya unga wa njano. Austropuccinia psidii iligunduliwa Australia mwaka 2010 na hushambulia mimea mingi ya familia ya mikaratusi na mipera. Ukiona unga wa njano kali kwenye majani machanga, usiyaguse wala usikate tawi ukalibeba, maana unga huo hupeperuka na kushika nguo. Piga picha, kisha uripoti kwa idara ya kilimo ya jimbo lako.

Viwavi na wadudu wanaokunja majani ni wa kawaida. Mti wenye afya unawamudu bila dawa.

Kuupeleka Afrika Mashariki

Mti huu umepandwa kama pambo Nairobi na kwenye miinuko ya Kenya, na hali ya hewa ya baridi ya nyanda za juu inaufaa. Pwani ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, joto na unyevunyevu vitauchosha.

Usitie mbegu kwenye sanduku ukarudi nazo likizo. Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mbegu hazijaondoka Australia, na Tanzania ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Wote wawili watadai cheti cha afya ya mimea kutoka huku. Ukitaka wepesi, ulizia vitalu vya miche vya Nairobi na vitongoji vyake, ambako ni rahisi zaidi kupata mche uliokwisha kuzoea nchi.

Huko kwetu panda mwanzo wa masika, Machi au Aprili. Uwe mbali na chemchemi, kijito na kisima, kama inavyoshauriwa kwa mikaratusi yote Kenya, na usiupande mstari mzima. Mmoja kwa uwanja unatosha. Kwenye udongo mwekundu wa mlimani hutahitaji mbolea yoyote. Mwagilia kiangazi cha kwanza cha Januari na Februari, na usiache mbuzi wakaufikia kabla haujapita kimo cha mtu.